Uwanja wa Wasomaji: Huyu Scarlett tumsifu au tumlaumu?

Wasomaji wangu wa Mwanza na wote mlioko kando ya ziwa, habari zenu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu riwaya ya Gone with the Wind ya Margaret Mitchell, meseji zikamiminika, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja, Scarlett O'Hara. Kwahiyo safari hii ukurasa wote nimempa yeye na wanawake wa aina yake. Kwa ambao hamjaisoma, kwa kifupi: ni riwaya ya Kimarekani iliyotoka 1936, inamhusu binti wa mwenye shamba kubwa la pamba jimbo la Georgia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinaanza 1861 yeye ana miaka 16, tunaachana naye akiwa na 28, kaolewa mara tatu, ana hela, na kabaki peke yake. Sinema ilitoka 1939, na naona wengi mnamjua kwa njia hiyo.

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma chuo hapa Nyegezi, tuna kikundi chetu wasichana cha kusoma vitabu. Hiki kitabu kimetugawa kabisa. Wenzangu wanasema Scarlett ni mwanamke mbaya, kamnyang'anya mdogo wake mchumba, anamtamani mume wa mtu miaka yote hiyo, watoto wake mwenyewe hana habari nao. Mimi nasema bila yeye pale nyumbani wote wangekufa njaa. Sasa tumsifu au tumlaumu?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, wasalimie na wenzako. Kugombana kwa ajili ya kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 ni jambo la kunifurahisha sana, endeleeni.

Wenzako hawajakosea. Frank Kennedy alikuwa mchumba wa Suellen, mdogo wake Scarlett wa damu, miaka nenda rudi. Scarlett akamwambia Frank kwamba Suellen anaolewa na mwanaume mwingine, uongo mtupu, na baada ya wiki mbili kaolewa naye yeye, kisa Frank ana kiduka na ana hela na shamba lao la Tara linadaiwa kodi dola 300. Na mtoto wake wa kwanza, Wade, kwenye kitabu (kwenye sinema wamemtoa kabisa) ni mtoto anayemuogopa mama yake, akisikia sauti imepanda anajikunyata. Mimi hicho kitoto kinaniuma kila nikisoma.

Na wewe hujakosea. Soma tena pale anaporudi nyumbani Septemba 1864. Atlanta inaangukia mikononi mwa jeshi la Kaskazini (kina Scarlett ni wa Kusini), katoroka usiku na mkokoteni unaovutwa na farasi wa kufa leo kesho, nyuma kalala Melanie, mke wa Ashley (ndo yule mume wa mtu mnayemsema), aliyejifungua siku hiyohiyo, na kichanga, na Wade, na Prissy mtumishi ambaye kwa sheria ya wakati ule ni mtumwa wao. Njia nzima anajipa moyo kwamba akifika kwa mama mzigo ataushusha. Anafika, mama kafa jana yake kwa homa ya matumbo. Baba akili imeshaondoka. Wadogo zake wako hoi kitandani, pamba imechomwa, ghalani hamna kitu, na kila aliyebaki mle ndani anamuangalia yeye aseme tunakula nini. Ana miaka 19!

Sasa mimi nilichokiona ni kwamba kile kinachotufanya tumpende na kile kinachotufanya tumchukie ni kitu kimoja. Huyu dada hakubali. Akiambiwa shamba limekwisha hakubali, na kweli shamba linapona. Akiambiwa Ashley si wako, kaoa, pia hakubali, na hapo anapoteza miaka, anampoteza mume wa tatu aliyempenda kweli, na Melanie, ambaye ndo rafiki pekee wa kweli aliyekuwa naye, anakuja kujua thamani yake Melanie yuko kitandani anakata roho. Huwezi kumkatia kipande kimoja ukabaki na kingine.

Kwahiyo kwenye kikundi chenu badala ya kupiga kura asifiwe au alaumiwe jaribuni kuuliza hivi, huu ukaidi wake nani anaulipia? Mkishika hilo swali mkapita nalo sura kwa sura mtashangaa. Pengine analipa mwenyewe kwa mikono yake, na hapo tunamvulia kofia. Pengine analipa Suellen, analipa Frank, analipa Wade. Na kuna watu wengine wanalipa kitabu kizima wala mwandishi hawahesabu, hao nawafikia chini kwenye barua ya mwalimu.

SWALI: Mambo dada. Mi nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba. Kitabu sijasoma ila sinema niliiona kwa shoga yangu mpaka mwisho, karibu masaa manne. Nimempenda huyo dada alivyofanya biashara ya mbao wanaume wanamsema mji mzima na yeye hana habari. Sisi huku tunasemwa kila siku, ukipata hela kidogo unaambiwa umefanya mambo. Kwani mwanamke kutafuta hela kwa nguvu ni kosa?
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Poa dada yangu. Si kosa hata kidogo, na hiyo sehemu ya mbao ni kati ya sehemu ninazozipenda mno. Angalia alivyofikiri: Atlanta imeungua, watu wanarudi wanataka kujenga, mbao ndo kila kitu, anayekaa na kiwanda cha mbao atakula. Anakopa hela kwa Rhett Butler, ambaye baadaye ndo anakuwa mume wake wa tatu, ananunua kiwanda, na hesabu anapiga kichwani haraka kuliko mume wake mwenye duka, mpaka mume anaona aibu. Anaendesha mwenyewe kigari chake cha farasi anazunguka kutafuta wateja akiwa na mimba, na kwa wanawake wa tabaka lake enzi zile mimba ikionekana hutoki nje. Wewe unayepokea mitumbwi alfajiri ukiwa na mtoto mgongoni unajua hayo maneno wanayosema watu wakikuona, Scarlett kayasikia yoteyote.

Ila usiishie hapo. Mbele kidogo anaona kulipa vibarua ni gharama, anakodi wafungwa. Hili halikuwa la kutunga, Georgia kuanzia 1868 serikali ilikuwa inakodisha wafungwa kwa wenye reli, migodi na viwanda vya matofali, wengi wao watu weusi waliotoka utumwani juzi tu, na wengine walifungwa kwa vikosa vidogo sana. Scarlett anamweka msimamizi anaitwa Johnnie Gallegher. Siku moja anafika kiwandani anakuta wale wafungwa wamekonda vibaya, anakwenda jikoni kufunua, chakula alichokileta yeye mwenyewe hakipo, Johnnie kakiuza. Anapandwa na hasira, anagomba kweli. Halafu? Anamuacha kazini, manake Johnnie anatoa mbao nyingi kuliko msimamizi yeyote.

Pale ndo mimi namuacha mkono. Kutafuta hela kwa nguvu zako, kuchangamka, kuwapita wanaume kwenye bei, hayo yote niko upande wake na niko upande wako. Kufunua sufuria ukaona watu wana njaa kwa ajili ya faida yako, ukafunika, hapana.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Kwimba. Nasikitika kuona ukurasa wako unamsifia mwanamke aliyekula jasho la watumwa. Kitabu hicho kinaonyesha watu weusi kama watoto wasio na akili wanaofurahia utumwa. Wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa pamba. Kuna sababu gani ya kuwapa hadithi hii? Kwanini tusiiache tu?
Mwalimu, Kwimba

JIBU: Salama mwalimu, na asante kwa ukali wako, naukubali. Barua yako nimeikalia kuliko zote.

Nianze na mahali palepale ambapo watu wote wanapakumbuka, Scarlett anaapa kwamba hatalala njaa tena. Kwenye sinema anga jekundu, muziki juu, mkono hewani. Lakini nenda kwenye kitabu usome taratibu. Tara hamna chakula, anatembea mpaka shamba la jirani, Twelve Oaks, ile nyumba ya kina Ashley, imechomwa imebaki majivu. Hapati kitu kwenye bustani ya nyumba kubwa. Anazunguka nyuma, kwenye vibanda vya watumwa, na huko kwenye vibustani vyao vidogo anakuta mboga zimebaki. Anachimba figili, anaila na udongo wake, tumbo linakataa, anatapika, analala kifudifudi pale chini. Akiinuka ndo kile kiapo.

Mwalimu, nani aliyepanda ile figili? Mtu aliyelima pamba ya bwana kutwa nzima, halafu jioni kiza kinaingia akainama kwenye kipande chake nyuma ya kibanda akapanda mboga za watoto wake. Huyo ndo aliyemlisha Scarlett siku ile. Na Mitchell hana hata sentensi moja kwa ajili yake! Hatuambiwi jina lake, hatuambiwi yuko wapi, kama kakimbilia jeshi la Kaskazini au kafa njiani. Scarlett anaapa kwamba yeye na wake hawatalala njaa tena, na yule aliyepanda hayumo kwenye hao wake.

Nikisoma hivyo ndo naona ubovu wa kitabu ulipo, kwamba kasoro za Scarlett mwandishi anazijua na anazionyesha mchana kweupe, ubinafsi wake, uongo wake, umama wake mbovu, ila hii kasoro kubwa kuliko zote mwandishi haioni kwasababu ni yake mwenyewe. Margaret Mitchell alizaliwa Atlanta mwaka 1900, alikuzwa na hadithi za wazee waliopigania Kusini, na akaziamini. Mammy, mwanamke aliyemlea Scarlett na mama yake Scarlett, hana jina, kitabu kizima anaitwa Mammy tu. Prissy anapigwa kofi na tunategemewa tucheke. Ku Klux Klan, kundi lililoanzia Tennessee baada ya vita likawa linaua na kutisha watu weusi ili wasipige kura, humo linaonekana kama waungwana wanaolinda wake zao. Huo ni uongo, na lazima mtoto aambiwe kwamba ni uongo. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4 Marekani, zaidi ya 460,000 wakiwa Georgia peke yake. Hakuna shamba lililoendeshwa kwa furaha ya hao watu.

Haki yake pia nimpe, miaka ya 1940 Mitchell alikuwa akilipia kimyakimya masomo ya vijana weusi waliosomea udaktari, kupitia kwa Benjamin Mays mkuu wa chuo cha Morehouse. Hilo halifuti kitabu ila ni kweli.

Sasa kwanini nisiseme tukiache? Kwasababu kitabu hiki watoto watakutana nacho tu, kama si kitabu ni sinema kwenye simu, na bora wakutane nacho wakiwa na mwalimu kama wewe pembeni. Na kwasababu watu weusi wa Marekani wenyewe hawakukiacha, walikijibu. Hattie McDaniel aliyeigiza Mammy alipata Oscar mwaka 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku ule aliwekwa kwenye meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake, na Desemba 1939 sinema ilipozinduliwa Atlanta hakuweza hata kuhudhuria kwasababu ya sheria za ubaguzi. Mwaka 1966 Margaret Walker akatoa Jubilee, Georgia ileile, vita vilevile, ila safari hii tunakaa jikoni na Vyry, msichana aliyezaliwa na mtumwa na baba yake ndo bwana mwenye shamba. Walker aliitoa kwenye maisha ya bibi wa mama yake na ilimchukua karibu miaka 30 kuimaliza. Halafu 1987 Toni Morrison akaja na Beloved, Sethe, mama aliyemuua binti yake ili asirudishwe utumwani, na hii ilitokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner aliyevuka mto Ohio ukiwa umeganda barafu Januari 1856. Ukitaka mwanamke mkaidi mwenye dhambi isiyosahaulika, Sethe huyo. Mbele yake Scarlett anakuwa mdogo.

Kama ningekuwa darasani kwako, na hapa nasema kidato cha tano na sita si wadogo, ningewapa kurasa za ile figili, kurasa chache tu, pamoja na sura moja ya Jubilee, nikawaacha waongee. Watoto wa Kwimba wanaijua pamba. Mwezi wa tano wa sita wanaivuna, wanajua lile ganda kavu linavyochoma vidole na gunia lilivyo zito mwishoni. Muulize mtoto mmoja tu, wewe ungekuwa unavuna hii maisha yako yote na hulipwi na mwanao anaweza kuuzwa, ungeimba? Hapo Mitchell ameshajibiwa na mtoto wa Usukuma mwenyewe.

SWALI: Dada naomba jibu fupi, Rhett anarudi au harudi? Nimemaliza juzi silali.
Msomaji, Buzuruga

JIBU: Kwenye kitabu cha Mitchell Rhett anaondoka, Scarlett anajiambia kesho ni siku nyingine, basi. Watu walimsumbua Mitchell aandike ya pili akakataa mpaka anafariki, aligongwa na gari akivuka barabara Atlanta mwaka 1949. Warithi wake baadaye walimruhusu Alexandra Ripley akaandika muendelezo, ukatoka 1991, humo Scarlett anaenda mpaka Ireland. Mimi nakushauri usiutafute. Rhett kuondoka ndo bili yenyewe ya miaka yote ile ya Ashley, akirudi kirahisi tutakuwa tumemdanganya Scarlett na sisi wenyewe. Lala.

SWALI: Dada mbona kila siku mashujaa wa Wamarekani? Kwetu huku hakuna mwanamke wa hivyo kwenye vitabu?
Mkerewe wa Nansio

JIBU: Ndugu yangu, wewe wa Nansio kabisa unaniuliza hivyo! Rosa Mistika yuko hapohapo kwenu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na riwaya yake hiyo ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda manake ilisema wazi mambo ambayo watu walitaka yasisemwe. Rosa ana baba mlevi anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana, analelewa kwa kufungiwa, na akishatoka akafika chuoni Morogoro hakuna aliyewahi kumfundisha kutumia uhuru, anautumia kujiumiza. Mwisho wake mnaujua, anajiua.

Nawaweka hawa wawili pamoja mara nyingi kichwani mwangu. Rosa na Scarlett wote wana kiburi, wote wanaumiza watu. Ila Scarlett ana ardhi, ana rangi inayomlinda, ana jina la baba, kila akianguka kuna kitu chini cha kumdaka. Rosa akianguka anafika chini. Kezilahabi alikuwa anajua kabisa ukaidi wa Rosa unalipiwa na nani, ndo maana kile kitabu kinauma hadi leo na ndo maana mimi nakiweka juu ya hiki cha Mitchell, kwa ufupi wake wote. Kitafuteni, na ukiwa Nansio ni aibu kukisikia kwa mtu wa Mwanza mjini.

SWALI: Shikamoo. Naandika hadithi yangu ya kwanza, iko enzi za Mjerumani huku kwetu Musoma, mhusika ni mwanamke mwenye msimamo. Kila niliyempa asome anasema huyu mama ni mkorofi tu hapendeki. Nikimlainisha naona amekufa. Nifanyeje?
Mwandishi mchanga, Musoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimlainishe.

Mitchell sentensi ya kwanza tu ya kitabu anatuambia Scarlett hakuwa mrembo, na baada ya hapo hamfichi kwa lolote. Msomaji hahitaji kumpenda mtu, anahitaji kumuona karibu, kujua anataka nini na anaogopa nini. Nikupe mfano mmoja, soma mara nyingi uwezavyo. Scarlett anahitaji zile dola 300 za kodi. Hana nguo, nguo zote zimechakaa, anashusha mapazia ya mama yake ya mahameli ya kijani Mammy anamshonea gauni, anaenda Atlanta kumuona Rhett aliyefungwa na jeshi la Kaskazini. Anajifanya mambo ni mazuri, Tara kunapendeza, amekuja tu kwa huruma. Anacheka, anarembua, na Rhett ameshaanza kuingia. Anamshika mikono abusu. Halafu anageuza viganja.

Vina sugu. Vimepasuka, vina alama za kuungua, kucha zimekatika. Ni mikono ya mtu wa shamba. Rhett anaviangalia, na gauni lote na maneno yote yameisha papo hapo.

Pale pale ndo tunampenda, na ujue kaja kudanganya! Mwandishi hakutuambia ni mwanamke jasiri, hakutuambia ameteseka, ametuonyesha kiganja. Kwahiyo huyo mama yako wa Musoma, anachotaka ni nini hasa? Si "heshima", hiyo kubwa mno, ni kitu cha kushika, ng'ombe, shamba la baba yake, mtoto aliyechukuliwa. Na mwili wake unaonyesha nini ambacho mdomo wake unaficha? Ukishapata hivyo viwili mpe na mtu mmoja wa kumlipia, mtu ambaye ukorofi wake unamgharimu kweli, tena umpe huyo mtu jina na umpe sura yake mwenyewe ya kuongea. Hapo utakuwa umemzidi Mitchell mahali alipokwama. Hao wanaosema hapendeki uliza tu swali moja, umesoma mpaka mwisho? Kama wamesoma mpaka mwisho ana uhai, achana nao.

SWALI: Habari dada. Binti yangu ana miaka 14 yuko kidato cha pili hapa Ilemela, Kiingereza anasoma vizuri, anataka kitabu cha huyo Scarlett baada ya kusikia mimi na wenzangu tunamuongelea. Nimpe?
Mama, Ilemela

JIBU: Nzuri mama. Mimi ningemwambia asubiri miaka mitatu minne, si kwa ajili ya mapenzi yaliyomo, ni kwa ajili ya yale niliyomwandikia mwalimu hapo juu, mtoto wa 14 akiisoma peke yake atayameza bila kujua.

Saivi mpe True Grit ya Charles Portis, ilitoka 1968, ni nyembamba na inachekesha. Mattie Ross naye ana miaka 14, ni Arkansas miaka ya 1870, kibarua wa baba yake kampiga baba yake risasi kamuua na kukimbia, na Mattie anasafiri mpaka Fort Smith kumkodi askari mzee mlevi anayeitwa Rooster Cogburn amkamate muuaji, na anakataa katakata kubaki nyuma. Kuna pale anamrudishia mfanyabiashara wa farasi wale farasi aliowanunua baba yake, yule mzee anamuona katoto, Mattie anambana kwa bei, anamtishia wakili, anambana tena, mpaka mzee analipa huku anaumwa kichwa. Yule mama wa Kirumba hapo juu angeipenda hiyo sura kupita kiasi.

Na Mattie si malaika. Hasamehi, anahesabu kila senti, kila mtu anamuona mkosaji isipokuwa yeye, na safari ile inamgharimu mkono mmoja kwa kuumwa na nyoka. Anakuja kusimulia akiwa mtu mzima ambaye hajaolewa na wala hajutii. Binti yako akimaliza muulize Mattie alifanya sawa au hakufanya sawa, usimsaidie kujibu, halafu niandikie alichosema, nitakichapa hapahapa toleo lijalo kama ataruhusu.